Gauni la Mama la Kiangazi

Mtu akiingia dukani kwangu na kusema anaangalia tu, najua ana kitu anachokitafuta na hataki nikijue. Nimeuza nguo za wanawake katika barabara kuu ya Canosa, mji wetu wa kusini mwa Italia, tangu nilipoolewa, na kazi hii imenifanya nisimwamini mtu kirahisi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema kwamba hata nikimkuta padri amepiga magoti nitataka kujua anaomba nini na kwa niaba ya nani. Hakukosea. Kwa hiyo mama yangu aliponiuliza, Jumapili moja ya mwezi wa nne tukiwa mezani, mwaka huu wanawake wanavaa nini, niliweka uma chini nikamtazama vizuri.

Mama yangu, Bi Incoronata, ana miaka themanini na tatu. Tangu baba afe havai ila nyeusi, kijivu na buluu iliyokolea hadi inakaribia nyeusi. Mimi ndiye ninayemletea nguo zote, bure, kutoka dukani kwangu, na kila nikijaribu kumpenyezea kitu chenye ua dogo begani hukirudisha kimekunjwa vilevile. Na sasa mtu huyo anauliza mitindo.

Nikamweleza. Rangi ya siagi imeshika kila mahali. Kuna suruali pana za kitani, nukta kubwa kubwa zimerudi, na mistari haijaondoka. Alisikiliza huku akiokota tambi moja moja, kama mwanafunzi anayetaka kukumbuka.

"Na mabega?" akauliza.

"Mabega gani, mama?"

"Yale ya kuwekwa sponji. Bado wanavaa?"

Nilicheka. Nikamwambia mabega hayo yalikufa zamani, miaka ile kaka yangu Cataldo alipooa. Mama hakucheka. Alitazama sahani yake akasema, "Nilidhani hivyo," kisha akaniuliza kama nataka mchuzi zaidi.

Nilirudi nyumbani nikiwa na neno hilo kooni. Alidhani hivyo kuhusu nini?

Kwetu majira ya machipuko yakikolea kila nyumba hugeuzwa. Sufu zinafuliwa, zinakunjwa na vifuko vya lavenda dhidi ya nondo, zinapandishwa juu ya kabati, na nguo nyepesi zinashushwa kupigwa pasi. Hakuna anayethubutu kufanya hivyo mapema, maana baridi yetu ina tabia ya kuondoka kwa kishindo na kurudi kimyakimya. Kila mwaka mwanzoni mwa Mei ndimi ninayepanda ngazi kwa mama. Yeye husimama chini akinielekeza, mimi napanda na kushuka, tunagombana kidogo, tunakunywa kahawa. Nadhani ndiyo siku ninayoipenda kuliko Krismasi, ingawa sijawahi kumwambia.

Mwaka huu nilipompigia simu kupanga siku, alisema ameshamaliza.

"Umemaliza vipi? Nani kapanda ngazi?"

"Ruggiero alinisaidia," akasema, kama mtu anayesema mvua imenyesha.

Ruggiero anakaa ghorofa ya chini. Alikuwa mfanyakazi wa reli, ni mjane, ana masharubu anayoyachana, na gari dogo analolisugua kila Jumamosi hadi unaweza kujitazama kwenye mlango wake. Mwanaume huyo alikuwa ameingia chumba cha kulala cha mama yangu akapanda ngazi. Katika mji wetu watu wameshafungiwa ndoa kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nilikwenda siku hiyohiyo, nikasingizia kupeleka jibini. Mama alipokwenda jikoni nikachungulia chumbani. Masanduku yalikuwa juu ya kabati, yamepangwa sawasawa kuliko ninavyoyapanga mimi, jambo lililoniudhi. Lakini moja halikuwepo. Kuna sanduku jeupe la kadibodi lenye utepe wa buluu ambalo tangu baba afe halijawahi kutoka pembe ya kushoto. Sikuruhusiwa kulifungua. Nilikuwa nikiamini ni barua ambazo baba alimwandikia akiwa jeshini, na nikaliheshimu kwa sababu hiyo. Sasa mahali pake palikuwa patupu. Nilipouliza, mama alisema amelihamisha, na akabadilisha mazungumzo kuwa bei ya nyanya.

Barua za baba zimeondolewa, mwanaume amepanda ngazi. Ningefikiri nini?

Baada ya hapo nilianza kumchunga mama yangu kama mume mwenye wivu. Wa kwanza kuniletea habari alikuwa Nunzia, mke wa mwoka mikate, ambaye huja dukani kwangu kujaribu nguo nane na kununua soksi. Aliniambia kutoka ndani ya chumba cha kujaribia, pazia likiwa limefungwa ili asione uso wangu, kwamba amemwona mama akitoka kwa Mirella na mfuko mkubwa.

Lazima niseme kidogo juu ya Mirella. Duka lake linatazamana na langu. Nikiivisha sanamu yangu kofia leo, kesho na yake ina kofia. Nikiweka malimau kwenye dirisha la duka kupamba, yeye anaweka machungwa. Tunasalimiana kila asubuhi kwa tabasamu la meno tu. Na mama yangu, aliyenizaa, ambaye angeweza kuingia kwangu na kuondoka na duka zima mabegani, alikuwa amevuka barabara akanunua nguo kwa Mirella.

"Labda alikuwa anaangalia tu," Nunzia akasema.

"Na mfuko ulikuwa nao unaangalia tu?"

Alitoka na gauni la saba mkononi, akaona uso wangu, na kwa huruma au kwa raha, sijui, akaniongezea. Yeye Nunzia alikuwa pia kwenye duka la viatu siku ileile. Mama alinunua viatu vya rangi ya maziwa, vyenye kisigino kidogo, na vilikuwa vinambana hadi muuzaji mwenyewe alimsihi achukue vikubwa zaidi. Vikubwa havikuwa vizuri vile. Mama akamwambia muuzaji, "Acha, hivi hivi. Sitatembea navyo."

Nunzia alicheka. Mimi damu ilinichemka, kwa sababu mwanamke anayenunua viatu asivyotegemea kutembea navyo ana mtu wa kumbeba kwa gari. Nikaliona lile gari dogo linalong'aa, mlango umefunguliwa, masharubu yamechanwa, na kiatu cha rangi ya maziwa kinaingia.

Jioni nilimpigia Cataldo, kaka yangu anayeishi Torino. Alicheka sana kwanza, akasema mzee wa watu ana haki ya kuburudika. Kisha aliacha kucheka. Akauliza nyumba ya mama imeandikwa kwa jina la nani. Nilimwambia aone haya. Sikuwa nawaza nyumba, na hilo naapa. Nilikuwa nawaza Jumapili, na ngazi, na kahawa yetu ya mwezi wa tano. Nilikuwa naogopa kunyang'anywa mama yangu, basi, ni hilo tu. Mume ameshaondoka, watoto sina, na huyu mmoja niliyebakiwa naye alikuwa ananificha mambo.

Siku mbili tatu baadaye nilimwona mwenyewe. Nilikuwa napita uchochoro wa mpiga picha, na kupitia kioo nikamwona mama ameketi kwenye kigoda, nywele zimetengenezwa saluni, amepakwa poda, mpiga picha anamwinulia kidevu. Nilijificha nyuma ya gari la kubebea samaki. Mwanamke mzima mwenye duka lake, nimeinama nyuma ya gari linalonuka dagaa, nikimpeleleza mama yangu. Mtu wa umri ule anapigwa picha kwa ajili ya nini? Hati. Na hati za nini, kama si za ofisi ya manispaa, pale wanapobandika matangazo ya ndoa?

Nilimwendea Ruggiero. Alikuwa mlangoni anamwagilia mrehani wake. Nilimsalimia, nikausifu mrehani, kisha nikamwambia nimesikia amekuwa hodari wa kupanda ngazi. Akawa mwekundu hadi masikioni.

"Bi Rosalba," akasema, "mimi nimeahidi."

"Umeahidi nini, na umemwahidi nani?"

"Nimeahidi kunyamaza. Ukitaka kujua, muulize mwenyewe. Ila muulize taratibu." Akaendelea kumwaga maji hadi chungu kikafurika na kulowesha viatu vyake, naye hakuona.

Hiyo taratibu yake ndiyo iliyonimaliza. Lakini wa mwisho kunichoma alikuwa Mirella. Alhamisi mchana, tukishusha milango ya maduka kwenda kula na kulala, alinipungia mkono kutoka upande wake.

"Hongera kwa ubatizo," akasema.

"Ubatizo upi?"

"Si mama kaniambia anatafuta gauni la kuvaa ubatizoni? Kapendeza jamani. Nilishangaa hakuja kwako, lakini nikasema labda kwako hakuna rangi ile."

Katika ukoo wetu hakuna mtoto wa kubatizwa. Mdogo kuliko wote ana ndevu. Nilimshukuru Mirella, nikamwambia mtoto ni mzuri sana, nikafunga kufuli, na sikwenda nyumbani kula.

Nina ufunguo wa kwa mama. Saa ile mji mzima umelala na madirisha yamefungwa, hata paka hawapiti. Nilipanda ngazi bila kugonga. Nilijiandaa kumkuta na mtu, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuanzia.

Alikuwa peke yake chumbani, mbele ya kioo, amevaa gauni la rangi ya siagi.

Sikuwa nimemwona mama na rangi tangu baba afe. Viatu vya rangi ya maziwa vilikuwa miguuni. Mgongo ulikuwa wazi, zipu imekwama katikati, na mkono wake ulikuwa umepindishwa nyuma unaitafuta. Aliniona kwenye kioo. Hakushtuka hata kidogo.

"Afadhali umekuja," akasema. "Nifunge hii."

"Unaolewa, mama?"

Aligeuka. "Na nani?"

"Na Ruggiero."

Mama alicheka hadi akalazimika kushika kabati. Alicheka kwa sauti ambayo nilikuwa nimeshaisahau, akijifuta macho kwa kiganja ili asichafue gauni. "Ruggiero anakoroma," akasema. "Namsikia kutoka huku juu, kupitia sakafu. Niolewe na lile treni?"

"Basi gauni la nini? Viatu vya nini? Picha ya nini? Nilikuona. Na usiniambie ubatizo."

Kicheko kikamwisha. Alinionyesha kitandani kwa kidevu. Sanduku jeupe lilikuwa limefunguliwa juu ya shuka, utepe umewekwa pembeni. Hapakuwa na barua hata moja. Palikuwa na koti na sketi ya sufu, buluu iliyokolea, soksi ndefu ambazo hazijavaliwa, rozari na mtandio. Koti lile nililijua. Alilivaa kwenye harusi ya Cataldo, na mabega yake ya sponji yalikuwa yamesimama humo sandukuni kama ya askari.

"Hiyo ni ya baridi," mama akasema. "Hii niliyovaa ni ya kiangazi."

Nilisimama pale nikiwa sijaelewa, kisha nikaelewa, na nikakaa kitandani bila kukusudia, karibu nilikalie sanduku.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimezeeka tu, ni vitu viwili tofauti." Alikaa upande wa pili wa sanduku, polepole, akiinua gauni lisikunjike. "Baba yako tulimzika Agosti na suti ya sufu, kwa sababu ndiyo tu iliyokuwa nzuri. Umesahau? Madirisha yamefungwa, mishumaa inawaka, watu wanajipepea. Nilikaa pale pembeni ya kitanda usiku na mchana nikimwona kama anatokwa na jasho. Nilijua hatoki jasho. Lakini nilimwona. Na Mei iliyopita nilipokuwa nakuangalia umepanda ngazi, nikajiambia, mimi yangu iko juu pale, nayo ni ya baridi tu. Nikiondoka Julai je?"

Akaendelea, sasa kwa sauti ya mtu anayelalamika dukani. "Watakuja wote. Mji mzima utapita hapa chumbani, nimelala, siwezi hata kuvuta sketi. Mirella atakuja, ataangalia pindo. Nunzia ataangalia viatu. Na mimi niwe na yale mabega? Maisha yangu yote sijatoka kwenda barabarani na nguo iliyopitwa na wakati, nianze siku hiyo?"

"Na picha?"

"Ya kwenye kaburi. Hiyo mliyo nayo nimefumba jicho moja. Nikae na jicho moja kwenye ukuta wa makaburi milele, watu wanipite na maua?"

Nilitaka kucheka na sikuweza. Badala yake hasira yangu ikarudi, kwa sababu ndiyo pekee niliyokuwa nimeizoea wiki zile. Nilimwuliza kwa nini Mirella. Kati ya maduka yote, kwa nini amempa Mirella jambo hili na kunificha mimi.

"Mirella nimemdanganya," akasema. "Wewe ningekudanganyaje? Ungeniangalia mara moja na kujua. Nije dukani kwako nikwambie, Rosalba, nipimie ya kuzikiwa? Ungenipima kwa mikono gani?"

Alinishika mkono nilioulizwa habari zake.

Nilikuwa nimekuja kumgombania mama yangu na mwanaume mwenye masharubu, na masharubu yasingeniuma kama hili. Mpinzani mwenyewe alikuwa mle sandukuni, na huyo huwezi kumwendea mlangoni umsute. Nililia. Mama aliniacha nilie, ila alinisogeza kidogo nisimdondoshee machozi kwenye rangi ya siagi.

Kisha akasimama tena mbele ya kioo na kunipa mgongo. Nikasimama kufunga zipu. Na mikono ni mikono, ikishika kitambaa inaanza kufikiri yenyewe. Nikaona mshono wa kiuno umepinda, na nikafurahi, Mungu anisamehe, kwa kuwa ulikuwa mshono wa Mirella. Nikamtazama mama usoni kwenye kioo.

"Rangi hii haikufai," nikasema. "Inakupausha. Inakufanya uonekane kama..."

Mama aliinua nyusi.

"Kama nini? Sema tu. Siku hiyo nitakuwa nimeshapauka vya kutosha, sihitaji msaada wa Mirella."

Safari hii nilicheka, tukacheka sote, na pua yangu ikitoka kamasi. Nikavuta zipu ikakwama palepale. Nikavuta tena. Nilikuwa nikiivuta huku mama amesimama, anapumua ndani, anajinyoosha, ananisaidia, na bado ilikuwa vigumu. Hapo ndipo nikaona kitu ambacho Mirella, kwa ubatizo wake, asingeweza kukifikiria. Kwetu hatuwaachii watu wengine kazi ya kumvisha marehemu. Anayemvisha mama ni binti.

"Zipu ya mgongoni itanisumbua, mama," nikasema. "Inafaa gauni liwe la vifungo mbele."

Aliniangalia kwenye kioo, na macho yake yakajaa maji, safari hii si kwa kicheko.

"Unaona?" akasema. "Mirella hakunieleza hilo."

Jumatatu asubuhi, saa ambazo maduka ya nguo hayafunguliwi, nilimwingiza kwa mlango wa nyuma na nikaacha pazia la chuma limeshuka. Alijaribu magauni kama Nunzia, hakuna lililomridhisha. Jeupe lilikuwa la bibi harusi, la nukta lilikuwa la bibi anayejifanya msichana, lenye mistari alisema litawachosha watu macho, na wao watakuwa wamechoka tayari. Mwishowe alisimama mbele ya gauni la kitani, buluu ya maji ya asubuhi, vifungo vya gamba la chaza kutoka shingoni hadi pindoni. Nilikuwa nimeliagiza kwa ajili ya dirisha, na lilikuwa zuri kuliko yote ya msimu ule. Kwa mazoea ya kazi nikamwonya mteja wangu kwamba kitani kinakunjika ukikaa.

"Sitakaa," mama akasema.

Nikamwuliza ile suti ya baridi tuifanyeje. Alisema hiyo isubiri Oktoba, tukigeuza makabati, nitoe sponji nione kama mabega yatashuka, na kama hayatashuka tutafute nyingine. Nikamwambia Oktoba ngazi napanda mimi. Akasema Ruggiero anapanga vizuri zaidi. Nikamwambia Ruggiero akamwagilie mrehani.

Kisha nikamvisha. Alisimama katikati ya duka chini ya taa, na nilipoanza na kifungo cha chini sikuona kwanza alichokuwa anafanya. Hakunisaidia. Hakuinua kidevu, hakujinyoosha, hakuvuta tumbo. Aliacha mikono ikaning'inia ubavuni, mizito, na akafumba macho, akaniachia nifanye yote. Nilifunga kifungo kimoja kimoja kutoka magotini hadi shingoni, nikamlazia kola, nikamwekea mikono vizuri.

Nilipomaliza alifumbua macho.

"Niambie sasa," akasema. "Siku hiyo sitaweza kukuuliza. Linanipendeza?"

Nilirudi nyuma hatua chache nikamwangalia jinsi ninavyomwangalia mtu anayelipa, kuanzia kola hadi pindo, na nikamwambia linampendeza sana.